Mifumo endeshi mipya: kwa nini umri wa simu na kompyuta hauonekani kwenye kioo

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa ukitumika tangu Julai 2015. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida katika steshenari za Ngamiani jijini Tanga na katika maduka ya huduma za kompyuta ya Korogwe, Muheza na Pangani. Barua zilichapwa, vyeti vilinakiliwa, maombi ya ajira yalitumwa. Hakuna kilichozimika, na ndiyo sababu tukio hilo lilipita bila wananchi wengi kulitambua.

Wakati huohuo, mwananchi wa pwani ya kaskazini anazidi kuiacha simu ya vitufe na kuchukua simu janja au kishikwambi, ambapo kidole kimeshika nafasi ya kibodi na kipanya. Mambo haya mawili yanatazamwa kama hayahusiani, ilhali yana chanzo kimoja. Kilichobadilika katika matumizi ya kompyuta ya kila siku si kioo pekee, bali programu iliyo nyuma ya kioo. Hiyo ndiyo inayoamua kifaa kitafanya nini, kitamlinda mtumiaji kwa kiasi gani na kitadumu kwa muda gani.

Mfumo endeshi ni programu inayotangulia kuamka kifaa kinapowashwa na kuzitawala nyingine zote. Hugawa kumbukumbu, hutambua kidole kimegusa wapi, na huruhusu au kuzuia programu nyingine kusoma picha, ujumbe na namba zilizohifadhiwa. Kwa mfano wa watu wa bahari, mbao na misumari ya jahazi ni kifaa chenyewe, abiria na shehena ni programu tumishi, na nahodha ni mfumo endeshi. Masasisho ni habari anazopelekewa nahodha juu ya miamba iliyogunduliwa hivi karibuni. Jahazi linaweza kuwa zima kabisa, tanga lake jipya, lakini nahodha asiyepata habari hizo akalipandisha mwambani mchana kweupe.

Kompyuta nyingi za mezani na mpakato zinazotumika nchini zina Windows. Simu janja nyingi na vishikwambi vina Android, mfumo unaosimamiwa na kampuni ya Google na uliojengwa juu ya kiini cha Linux. Simu za iPhone zina mfumo wake, iOS.

Kutoka kipanya hadi kidole

Wazo la kugusa kioo ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1965 mhandisi wa Uingereza, E. A. Johnson, alikwisha kuandika kuhusu kioo cha namna hiyo kwa ajili ya waongozaji wa safari za ndege. Kilichokawia ni mfumo endeshi uliobuniwa kwa kidole tangu mwanzo. Simu ya iPhone iliingia sokoni mwaka 2007, simu ya kwanza ya Android ikafuata mwaka 2008, na katika miaka michache vitufe vikaanza kutoweka.

Kompyuta za mezani zilijaribu kufuata mkondo huo kwa haraka iliyopita kiasi. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, yenye vigae vikubwa vya kuguswa, ikaondoa kitufe cha kuanzia ambacho wafanyakazi wa ofisini walikizoea kwa karibu miaka ishirini. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka uliofuata kitufe kilirudishwa, na Windows 10 ilipotoka ilirejesha na orodha yake ya kuanzia. Tukio hilo lilionesha kuwa kazi ya kidole na kazi ya kibodi si moja, na kwamba mfumo unaomfaa msafiri anayetazama ramani unaweza kumchelewesha mhasibu mwenye jedwali la mistari elfu moja.

Hapa nchini, kipimo kikubwa cha kioo cha kugusa katika shughuli za umma kilikuwa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Sensa ya mwaka 2012 ilifanyika tarehe 26 Agosti kwa madodoso ya karatasi, na idadi ya watu ikatangazwa tarehe 31 Desemba. Ile ya mwaka 2022 ilianza tarehe 23 Agosti, makarani wakiwa na vishikwambi, na matokeo ya mwanzo yakatangazwa tarehe 31 Oktoba: watu 61,741,120 nchini kote, wakiwemo 2,615,597 wa Mkoa wa Tanga. Muda wa kusubiri ulipungua kutoka miezi minne hadi miwili na siku chache.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na hatua iliyofutika. Karatasi ilipaswa kusafirishwa, kupangwa na kuingizwa katika kompyuta kabla ya kuhesabiwa, wakati jibu lililoguswa kwenye kioo tayari lipo ndani ya mfumo. Isitoshe, dodoso la kielektroniki linaweza kupangwa likatae jibu lisilowezekana, kwa mfano mtoto mwenye umri unaozidi wa mama yake, karani akiwa bado yuko mlangoni na mkuu wa kaya yupo. Kosa la aina hiyo likigunduliwa wiki sita baadaye ofisini, hakuna wa kuulizwa.

Baada ya sensa, vishikwambi vilielekezwa kwa walimu. Mkondo huohuo umefika katika uandikishaji wa wapiga kura. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipoboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, zoezi lililoufikia Mkoa wa Tanga Februari 2025, vifaa vya kuchukulia alama za vidole, picha na saini vilikuwa vyepesi kuliko vya awali na vilitumia vishikwambi vyenye Android. Kwa mwandishi msaidizi wa kituo cha Lushoto au Kilindi, anayepanda mlima akiwa amebeba vifaa vyake, wepesi huo si jambo dogo. Aidha, aliyekwisha kuandikishwa aliweza kuanzisha mabadiliko ya taarifa zake kwa simu au kompyuta kabla ya kufika kituoni.

Kioo na maji ya chumvi

Kioo cha kugusa kina tabia ambazo mtu wa pwani hukutana nazo zaidi kuliko mtu wa bara. Vioo vya simu za sasa havihisi mkandamizo, bali umeme. Chini ya kioo kuna utandu mwembamba sana unaopitisha umeme na wenye chaji ndogo. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia, chaji ya mahali hapo hubadilika kidogo. Kifaa hupima badiliko hilo na kumwarifu mfumo endeshi kuwa fulani ameguswa hapa. Ndiyo maana kioo hakitii kucha wala kijiti cha kawaida, na hukaidi mtu aliyevaa glavu.

Maji pia hupitisha umeme, na ya chumvi huupitisha zaidi kuliko ya mvua. Matone ya bahari yakitua kwenye kioo, kifaa kinaweza kuyahesabu kama vidole. Mvuvi aliyeshuka mwalo wa Deep Sea jijini Tanga, au mkulima wa mwani wa Mkinga aliyetoka tu kufunga kamba majini, huona programu zikifunguka zenyewe au namba zikijiandika asizozigusa. Katika simu ya kawaida ni kero. Katika ukurasa wa kutuma fedha ni hatari, kwa sababu sifuri moja ya ziada hugeuza shilingi 20,000 kuwa 200,000. Anayelipa baada ya mnada wa samaki anashauriwa kukausha mikono na kioo kwa kitambaa kikavu, kisha kusoma kiasi na jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Ushauri huu unaonekana mdogo mno kuandikwa, lakini fedha iliyokwenda kwa mtu mwingine hurejeshwa kwa mlolongo mrefu.

Kinyume chake hutokea kwa vidole vikavu. Ngozi iliyokomaa kwa kazi, kama ya mkata mkonge wa Korogwe au mbeba mizigo wa bandarini, hupitisha umeme kwa udhaifu, na kioo huweza kuipuuza. Baadhi ya simu zina kipengele katika mipangilio cha kuongeza wepesi wa kioo kuhisi, na kukiwasha husaidia. Tatizo la alama za vidole zilizofutika kwa kazi ngumu ni jingine, ingawa humpata mtu yuleyule. Hapo kioo kinamwona, kinachoshindikana ni kumtambua, na nywila ya namba hubaki njia ya uhakika zaidi ya kufungua simu.

Vioo vya zamani vya kukandamiza, ambavyo bado vipo katika baadhi ya mashine za kibenki na za kukusanyia ushuru, havina shida hizo. Vina tabaka mbili zinazogusana zikibonyezwa, hivyo hutii kidole kilicholowa, kucha na hata ncha ya kalamu. Vinapungua sokoni kwa kuwa havionyeshi picha kwa ung'avu uleule na vingi havitambui vidole viwili kwa pamoja, lakini kwa kazi ya mwaloni vilikuwa na sifa zake.

Njia nyingine imefunguka kwa wenye mikono iliyoshughulika: sauti. Tangu mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo simu ya Android inaweza kuzisikia na kuzigeuza maandishi. Kwa mtu asiyeona vizuri, Android ina msomaji wa kioo anayeyatamka yaliyoandikwa, Kiswahili kikiwamo. Lugha hii haikuingia katika kompyuta kwa bahati. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walikamilisha Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kuhesabia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa kazi hiyo walilazimika kuunda na kusawazisha istilahi ambazo hazikuwa na majina yaliyozoeleka.

Kuna jambo ambalo wazazi na walimu wanapaswa kuliangalia bila kulipuuza. Kijana aliyekulia kwenye kioo hujua kutafuta, kutazama na kutuma, lakini anaweza kufika kidato cha sita bila kuandika ukurasa mmoja kwa vidole kumi, wala kujua faili lake limehifadhiwa wapi. Mifumo ya simu imeficha mafaili kwa makusudi ili kurahisisha matumizi. Ofisini mambo ni tofauti, kwani barua ndefu, jedwali la bajeti na taarifa ya mradi bado huandikwa kwa kibodi. Kishikwambi cha shule kinaweza kuunganishwa na kibodi ya bei nafuu, na zoezi la nusu saa kwa wiki hutosha kuanzia.

Umri usioandikwa kwenye boksi

Mnunuzi wa simu hutazama ukubwa wa kioo, kamera, chaji na bei. Mara chache huuliza ni lini mtengenezaji ataacha kuutumia mfumo wake masasisho ya usalama, na mara nyingi boksi halisemi. Hata hivyo hilo ndilo linaloamua umri halisi wa kifaa.

Watengenezaji wanatofautiana sana. Google kwa simu zake za Pixel 8 za mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 za mwaka 2024, ziliahidi miaka saba ya masasisho, lakini hizo ni simu za bei ya juu. Simu nyingi za bei ya chini hupata muda mfupi zaidi. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unazitaka kampuni zinazouza simu na vishikwambi katika nchi zake kuhakikisha masasisho ya mfumo endeshi yanapatikana kwa angalau miaka mitano baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa. Sharti hilo halivuki mipaka ya Umoja huo, ingawa mnunuzi wa Tanga anaweza kuuliza swali lilelile dukani.

Simu iliyoachwa na mtengenezaji hupitia hatua mbili. Kwanza, kasoro mpya za usalama hazizibwi, na mtumiaji haoni tofauti yoyote. Pili, programu tumishi zenyewe huanza kuikataa. Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4, mfumo uliotoka miaka zaidi ya kumi nyuma. Simu zilikuwa nzima, vioo havina mkwaruzo, ila mazungumzo ya familia, ya vikundi vya kuweka na kukopa na ya biashara yalilazimika kuhamia kifaa kingine.

Kuangalia hali ya simu ya Android huchukua dakika moja. Mtumiaji afungue Mipangilio, kisha sehemu ya taarifa kuhusu simu, aangalie toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Tarehe hiyo ikiwa imepita miaka miwili na simu haikubali sasisho jipya, si busara kuitumia kwa miamala mikubwa ya fedha. Bado inafaa kwa redio, picha na kupiga simu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze *#06# ili kupata namba ya utambulisho wa kifaa yenye tarakimu 15, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuthibitisha kama simu ni halali. Juni 2016 Mamlaka ilizifungia simu bandia katika mitandao yote ya nchini, na waliokuwa wamenunua bila kuhakiki walibaki na vioo visivyopiga simu.

Hatari nyingine imekuja pamoja na kidole. Katika simu ya vitufe tapeli hupiga au hutuma ujumbe wa maneno, na mwenye simu ana nafasi ya kutafakari. Katika simu janja hutuma faili au kiungo, na mguso mmoja hutosha kusakinisha programu inayosoma ujumbe wa benki. Mfumo endeshi wa kisasa huuliza kwanza: programu hii iruhusiwe kusoma ujumbe wako? Iruhusiwe kuona majina ya watu wako? Watu wengi hukubali bila kusoma ili maswali yaishe. Programu ya tochi au ya kalenda inayoomba kusoma ujumbe mfupi haina sababu ya msingi ya kufanya hivyo, na inapaswa kukataliwa. Namba za matapeli hutumwa kwenda 15040.

Kompyuta ya steshenari

Windows 10 inagusa maisha ya wananchi kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Wengi hawana kompyuta nyumbani. Wanapotaka kuomba ajira kupitia Ajira Portal, mkopo wa elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa kwa mfumo wa RITA, pasipoti au leseni ya biashara kwa mfumo wa TAUSI, huenda steshenari. Hapo humpa mhudumu jina, namba ya NIDA, picha, vyeti vilivyonakiliwa, na mara nyingi nywila yenyewe. Kompyuta moja hupokea makumi ya watu na flashi zao kwa siku. Kama haipati masasisho, kirusi kilicholetwa na flashi ya asubuhi huweza kunakili nywila za wateja wa mchana.

Mfano wa madhara ya kuchelewa upo. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilishambulia kompyuta katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili na kudai fidia; hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Sasisho la kuzuia shambulio hilo kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa lilikuwa limetolewa miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakuwa wamelisakinisha, au mifumo yao ilikuwa imekwisha kuachwa.

Kwa mwenye steshenari, Windows 11 ndiyo hatua inayofuata, lakini si kila mashine itaipokea. Inahitaji kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, nafasi ya kuhifadhia ya gigabaiti 64 na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti hayo, zikiwemo nyingi za mtumba. Muuzaji wa kompyuta za mtumba anapaswa kuulizwa waziwazi kama mashine inapokea Windows 11 kwa njia rasmi. Wapo mafundi wanaokwepa masharti hayo kwa mbinu zao, na mashine huonekana mpya, lakini Microsoft haitoi uhakika wa masasisho kwa kompyuta iliyoingizwa hivyo.

Asiyeweza kununua nyingine kwa sasa ana njia mbili. Kwa watumiaji binafsi, Microsoft imeweka muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kujiandikisha. Njia ya pili ni kuweka mfumo wa Linux, ambao hupatikana bure, hupokea masasisho na huendesha vizuri kompyuta iliyochoka. Kwa kuandika barua, kuchapa na kutumia tovuti za Serikali unatosha. Ugumu wake ni kujifunza upya, pamoja na baadhi ya programu na printa zisizoelewana nao. Ofisi za umma hazipaswi kuamua hilo mezani kwa mtumishi mmoja mmoja. Kila taasisi ina wataalamu wake wa TEHAMA, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ndiyo inayosimamia viwango vya mifumo ya Serikali chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019.

Mteja naye ana haki ya kudai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Mtu akimaliza kutuma maombi anaweza kumwomba mhudumu afute nakala za vyeti vyake mbele yake, kikiwemo kile kikapu cha kompyuta ambacho mafaili yaliyofutwa hukaa. Nywila aiandike mwenyewe, ahakikishe kompyuta haikuihifadhi, kisha atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Aliyempa mhudumu nywila zamani aibadilishe leo, hata kwa kutumia simu ya ndugu anayemwamini.

Wale wasio na kioo

Si kila mkazi wa Kipumbwi, Moa au Kigombe ana simu janja, na si kila mwenye nayo ana kifurushi cha data kila siku. Huduma za kubonyeza nyota na alama ya reli hufanya kazi katika simu yoyote kwa sababu hazitegemei mfumo endeshi wa simu. Hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Kwa njia hiyo mwananchi hulipia huduma za Serikali kwa namba ya malipo aliyopewa, na kwa *152*00# hupata menyu ya huduma mbalimbali za taasisi za umma. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS inayoweza kuingia intaneti, ikawa kama daraja kati ya dunia hizo mbili. Taasisi inayobuni huduma mpya kwa ajili ya kioo pekee humfungia nje mtu ambaye pengine ndiye anayeihitaji zaidi, na anayeachwa nje hulazimika kumkabidhi mtu mwingine namba yake ya siri.

Simu ya zamani, inapofika wakati wa kuuzwa au kupewa ndugu, haisafishwi kwa kufuta picha peke yake. Mwenye simu ya Android anatakiwa kwanza kuhamisha anachohitaji, kuondoa akaunti yake ya Google katika mipangilio, kutoa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha kuirejesha simu katika hali ya kiwandani. Akaunti isipoondolewa kwanza, simu hujifunga, na mnunuzi akiiwasha huombwa akaunti ya mmiliki wa awali. Kwa sababu hiyo anayenunua simu iliyotumika anashauriwa kuiwasha na kuianzisha akiwa bado na muuzaji. Simu ikidai akaunti ya mtu ambaye muuzaji hawezi kuifungua, huenda imeibwa, na fedha haipaswi kutoka mfukoni.